Baba kapasuliwa utumbo usiku, asubuhi anaambiwa akae na anywe: je, ni sawa?

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61. Tumbo lilivimba siku mbili, hapati choo wala hatoi upepo, tukamkimbiza hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakasema utumbo mpana umejisokota na kipande kimeanza kuoza, akapasuliwa usiku uleule. Wamekata kile kipande na kumwekea mfuko wa choo tumboni. Asubuhi muuguzi akamketisha kitandani, akampa maji kwa kijiko, jioni uji mwepesi. Shangazi akaja juu: tangu zamani mtu wa tumbo hali kitu mpaka ajambe, na hainuki mpaka kidonda kikauke. Mimi nimesoma kwamba huu utaratibu wa kuwahisha kupona ni wa watu waliopangiwa upasuaji mapema. Baba hakupangiwa, alikuja mahututi. Je, ni sawa? Na wanasema huenda akaruhusiwa siku ya tano au ya sita. Nikubali?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na hilo linalowagombanisha pale kitandani. Muuguzi amefanya sawa. Shangazi naye msimcheke, maana nyuma ya hofu yake kuna hatari ya kweli, nami nitaifikia. Ila kipimo anachotumia, cha kusubiri mgonjwa ajambe, hakifai, na kwa baba yako hakifai mara mbili. Kwa maelezo yako amewekewa kolostomi: ncha ya utumbo imetolewa nje kwenye ngozi ya tumbo. Upepo wake utapitia hapo. Mkisubiri upite njia ya kawaida, mtangoja sana na mzee atashinda njaa bure. Tazameni mfuko. Ukianza kutuna ilhali hakuna choo ndani, upepo ndio huo.

Hata kwa mgonjwa asiye na mfuko, upepo ni habari inayochelewa. Sehemu za njia ya chakula haziamki pamoja baada ya upasuaji. Utumbo mwembamba hurudi kazini ndani ya saa chache, mfuko wa chakula baada ya siku moja au mbili, na utumbo mpana huwa wa mwisho, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano. Aliyekuja na usaha au kinyesi kilichomwagika tumboni huchelewa zaidi ya hapo, lakini mpangilio ni huohuo. Sasa upepo unatoka utumbo mpana. Anayeusubiri ndipo alishe mgonjwa anamnyima chakula siku tatu nne wakati utumbo mwembamba, ambao ndio unaonyonya lishe, uko macho tangu mapema.

Wapo pia wanaosema utumbo upumzishwe ili mshono wa ndani usifumuke. Hoja hii nimeisikia hata kwa madaktari wenzangu, na inasikika vizuri. Lakini utumbo haupumziki hata ukifunga. Mate, maji ya mfuko wa chakula, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe hufika karibu lita 7 kwa siku, mtu akila asile. Kikombe cha uji juu ya lita hizo ni kitu gani? Kinachofumua mshono ni damu kutofika mahali pale, usaha uliobaki, presha iliyoshuka kwa muda mrefu, sukari iliyopanda bila kudhibitiwa, na mwili uliodhoofu kwa kukosa chakula. Kumbuka mzee alikuwa hajala siku mbili kabla hamjafika hospitali. Kumwongezea nyingine nne kwa jina la kumpumzisha ni kumlia akiba yake ya mwisho.

Sasa hofu ya shangazi. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2001 ulionyesha kwamba kuwahi kumlisha mgonjwa wa utumbo hakumdhuru, na maambukizi yalipungua. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba waliolishwa mapema walitapika zaidi. Hapo ndipo shangazi ana haki ya kusikilizwa. Mzee aliyelegea kwa dawa za maumivu, amelala chali, tumbo limejaa, akitapika anaweza kuvuta matapishi mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua. Wazee wetu waliona watu wakifa hivyo, ndiyo maana wakaweka miiko.

Kwa hiyo chakula hutolewa kwa masharti. Mgonjwa awe macho, ameketi wima au kitanda kimeinuliwa kichwani, na presha imetulia bila kutegemea dawa za kuipandisha. Tumbo lisiwe linazidi kuvimba. Huanza na maji kwa vijiko, kisha chai ya rangi au uji mwepesi, nusu kikombe. Akisema kimefika kooni, mnaacha. Akitapika mara moja, mnasubiri na kumwambia muuguzi. Akitapika kwa wingi, hasa maji ya kijani, na tumbo linatuna, mpira wa puani, ule unaoshuka hadi kwenye mfuko wa chakula kuutoa maji, unarudishwa. Kurudishiwa mpira si kushindwa. Kwa mgonjwa wa dharura hutokea mara kwa mara, na wala hakumaanishi kwamba ilikuwa makosa kumjaribu. Siku ya pili au ya tatu, akiwa anavumilia, pelekeni vitu vyenye nguvu: mtori, yai, maziwa, samaki laini asiye na miiba, uji uliotiwa karanga zilizosagwa vizuri. Mnaona supu ndiyo dawa, mnamletea mchuzi mtupu chupa nzima. Mgonjwa anashiba maji na kidonda hakipati cha kujengea nyama.

Ulichosoma kuhusu utaratibu wenyewe ni kweli, ila ni nusu. Unaitwa ERAS, kifupi cha Kiingereza cha Enhanced Recovery After Surgery, yaani kuwahisha kupona baada ya upasuaji, na mizizi yake ni kazi ya Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, ambaye miaka ya 1990 pale Hvidovre, Copenhagen, alianza kuuliza swali la kuudhi: huyu mgonjwa wa utumbo yuko wodini leo kwa sababu gani hasa? Akaona wengi wanabakizwa na maumivu, kichefuchefu, mipira na mazoea. Alipoviondoa kimoja kimoja, wagonjwa waliokatwa utumbo mpana wakaanza kwenda nyumbani siku ya pili au ya tatu, badala ya kukaa wiki na zaidi. Hao kweli walikuwa wa kupangiwa. Waliandaliwa, wakaelezwa, na baadaye utaratibu ukaongezewa kinywaji cha sukari saa mbili kabla ya upasuaji.

Baba yako hakupata lolote kati ya hayo, na asingeweza. Kinywaji cha sukari kwa mtu aliyeziba utumbo ni hatari tupu. Kuacha sigara wiki nne kabla, kuongeza damu taratibu kwa vidonge vya chuma, kukaa na muuguzi kuelezwa habari za mfuko, vyote havikuwa na nafasi. Ndiyo maana kwa miaka mingi mgonjwa wa dharura aliachwa nje ya mpango huu. Mimi naona ilikuwa kinyume. Anayekuja amekauka maji, ana sumu ya maambukizi kwenye damu na hajala, ndiye anayehitaji zaidi kila mkono ujue unafanya nini saa ngapi. Katika rekodi za Uingereza na Wales, ambako tangu Desemba 2013 kila upasuaji wa namna hii huandikwa kwenye daftari la taifa, mwanzoni takriban wagonjwa 12 kati ya 100 walikuwa wanafariki ndani ya siku 30; baadaye wakashuka kufikia karibu 9. Hiyo ni idadi kubwa mno ukilinganisha na upasuaji wa kupangiwa. Miongozo ya ERAS iliyoandikwa mahususi kwa mgonjwa wa dharura ilitoka kwa sehemu, ya kwanza mwaka 2021 na zilizofuata mwaka 2023.

Ukiisoma miongozo hiyo utashangaa jinsi sehemu ya kwanza yote inavyohusu kabla ya kisu. Kupata vipimo vya damu, laktati ikiwemo (hupanda mwili unapokosa damu na oksijeni ya kutosha), na picha ya CT pale ilipo. Kuanza antibayotiki mara tu maambukizi yanaposhukiwa, bila kusubiri foleni ya chumba cha upasuaji. Kurudisha maji na potasiamu. Kupitisha mpira wa puani ili mfuko wa chakula uwe mtupu kabla ya dawa za usingizi. Na muda: mgonjwa ambaye presha imeporomoka kwa sababu ya maambukizi anatakiwa awe mezani ndani ya saa 3, na mwenye maambukizi kwenye damu ambaye presha bado inashika, ndani ya saa 6. Wenzetu wa Hvidovre walipofunga mkanda kwa wagonjwa wa dharura, yaani uamuzi wa haraka wa daktari mzoefu, antibiotiki mapema, maji kwa vipimo na uangalizi wa karibu baada ya upasuaji, vifo vya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 21.8 hadi 15.5. Mzee wenu kupasuliwa usiku uleule ilikuwa ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kabla hata ya maji ya kijiko mnayogombania.

Lakini karatasi peke yake haitibu. Uingereza walijaribu kueneza mpango wa namna hiyo kwenye hospitali 93, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, na vifo havikupungua. Wengi walipokea orodha ndefu ya mambo ya kufanya bila kuongezewa watu wala muda. Nasema hivi kwa sababu ukiingia intaneti utakuta hospitali zinajisifia utaratibu huu. Usiulize wana karatasi gani ukutani. Uliza usiku nani anampima mgonjwa na kila baada ya saa ngapi.

Jambo moja ambalo ndugu hawalioni kabisa ni chupa za dripu. Kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu anahesabiwa ametelekezwa, na nimeshuhudia familia ikidai chupa ya nne. Lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi. Chupa tatu za lita moja ni gramu 27, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku. Kabla ya upasuaji na saa za mwanzo baada yake mgonjwa wa dharura anayahitaji maji hayo, pengine kwa wingi, na ukimbania figo zinaumia. Hatari ni kuendelea nayo kwa mazoea siku ya pili na ya tatu wakati anaweza kunywa. Maji yanayozidi huingia kwenye kuta za utumbo, ukavimba na kulegea kama andazi lililolowa chai, na utumbo wa namna hiyo hausukumi kitu. Basi muuguzi akichomoa dripu kwa kuwa mzee anakunywa vizuri na mkojo unatoka, msilalamike.

Mpira wa mkojo nao ukiondolewa mapema ni heri, mara daktari asipouhitaji tena kupimia mkojo. Mrija wa kutolea maji tumboni, kama anao, ni hivyohivyo. Kila mpira ni mlango wa wadudu na ni kamba inayomfunga kitandani.

Maumivu yanataka maelezo zaidi, kwa sababu wanaume wa rika la baba yako hujikaza. Mwambie kujikaza hapa ni hasara. Anayeumwa hapumui kwa kina wala hakohoi, makohozi yanakaa chini ya mapafu, siku ya tatu homa. Kinachotakiwa ni parasetamoli kwa saa zake, si pale anapolalamika, pamoja na ganzi ya ukuta wa tumbo kama daktari wa usingizi aliichoma. Morfini au pethidini hubaki kwa maumivu yanayopenya juu ya hayo. Zote mbili ni dawa nzuri na msiziogope, ila huulaza utumbo, kwa hiyo kadiri zinavyohitajika kidogo ndivyo chakula kinavyopita mapema. Diklofenaki na ibuprofeni msimpe wenyewe kutoka duka la dawa hata kama jirani kasema ndiyo kiboko. Kwa mtu aliyetoka kwenye upungufu wa maji zinaweza kumharibia figo, na daktari wake ana sababu za kuziepuka au kuzitoa kwa hesabu.

Kuhusu kuinuka, tuseme wazi kwamba kidonda hakikauki kwa kulala. Kitanda kina madhara yake. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na hao hawakuwa wamepasuliwa wala kuumwa. Ongeza damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ambayo kipande chake kikipanda mapafuni mtu anaweza kuanguka ghafla. Sindano ya heparini ya kila siku husaidia kuzuia hilo, na miguu inayotembea husaidia pia.

Wodi zetu hazina wataalamu wa viungo wa kutosha, kwa hiyo anayemwinua ni wewe na ndugu zako. Fanyeni hivi. Mpeni dawa ya maumivu nusu saa au zaidi kabla. Msimvute mikono kutoka chali, hapo ndipo kidonda kinapovutika na mgonjwa kuapa hainuki tena. Akunje magoti, ageuke ubavu upande usio na mfuko, kanga iliyokunjwa ikibanwa juu ya kidonda kwa kiganja chake mwenyewe. Miguu ishuke kitandani, kisha ajisukume kwa kiwiko huku wewe umeshika bega. Akikaa, mwacheni dakika kadhaa miguu ikining'inia. Kizunguzungu kikija, arudi alale. Jaribuni tena baada ya saa chache. Siku ya kwanza kukaa kwenye kiti kunatosha. Inayofuata, hatua hadi mlangoni, dripu ikibebwa na mtu. Akiwa kitini avute pumzi ndefu mara kumi kila saa, na akohoe akiwa ameikumbatia ile kanga. Mgonjwa ambaye bado presha yake iko chini, anahema haraka au amechanganyikiwa haamshwi kwa sababu tu leo ni siku ya pili. Siku kwenye kalenda haiamui, mwili wake ndio unaoamua.

Mkiwa pale usiku, mnafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Utafiti mkubwa wa upasuaji uliofanyika katika nchi 25 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika vifo vilivyotokea, asilimia 94 vilikuwa kuanzia siku iliyofuata upasuaji na kuendelea. Wagonjwa walikuwa wanavuka meza salama, kisha wanazidiwa wodini bila kuonwa mapema. Muuguzi mmoja mwenye vitanda thelathini hawezi kuona kila kitu. Ninyi mnaweza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa kutazama kifua: zikifika 25 au kupita, mwiteni. Mwiteni pia akianza kuongea maneno yasiyo na mpango, mkojo ukiwa mchache na mweusi, mapigo yakienda mbio hali ametulia, au maumivu yakiongezeka siku ambayo yalitakiwa kupungua. Na tazameni ile nyama ya utumbo inayoonekana ndani ya mfuko: iwe nyekundu au ya waridi, yenye unyevu. Ikigeuka bluu au nyeusi, msisubiri raundi ya asubuhi.

Tuje kwenye kuruhusiwa. Siku ya tano au ya sita si mapema mno, na pia si ahadi. Angalieni wenyewe: anakula bila kutapika, mfuko unatoa upepo na choo, maumivu yanatulizwa na vidonge, anatembea hadi chooni, homa hakuna, na yupo mtu nyumbani anayejua kubadilisha mfuko. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kabla hamjatoka, wewe au shangazi mbadilishe mfuko kwa mikono yenu huku muuguzi akitazama: kukata tundu lilingane na utumbo ili choo kisiunguze ngozi, kusafisha kwa maji, kukausha, kubandika. Ulizeni mifuko inapatikana wapi na kama bima inailipia. Ulizeni pia kama kolostomi ni ya muda, na lini wataangalia uwezekano wa kuirudisha ndani. Mara nyingi huwa ni baada ya miezi, si wiki. Kama kwenu ni mbali, barabara mbovu na gari la usiku halipatikani, ombeni abaki siku moja mbili zaidi au akae kwa ndugu wa mjini. Daktari mwelewa hatakataa.

Nyumbani, zile wiki mbili za kwanza, akipata homa, kutapika, tumbo kuvimba na kuuma upya, mfuko kukaa siku nzima bila upepo wala choo, kidonda kutoa usaha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, rudini hospitali ileile iliyompasua, bila kupitia duka la dawa. Nendeni na karatasi ya kuruhusiwa, na mkifika mapokezi jambo la kwanza kusema ni tarehe aliyopasuliwa.